Talaka, kutengana, na watoto wabaki kwa nani: anzia kwenye Fomu Namba 3

Mwezi wa tatu mwaka 2003 baraza la usuluhishi wa ndoa lilinipa hati yangu, Fomu Namba 3, karatasi moja yenye muhuri, ikisema limeshindwa kutupatanisha mimi na mume wangu. Niliikunja mara nne nikaiweka kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge, nikajiambia nitakwenda mahakamani watoto wakishafunga shule. Wakafunga mwezi wa sita, mimi nikaumwa. Nilipopona, fedha ya kufungulia shauri ikawa imekwenda kwenye ada. Mwezi wa kumi na moja nilipofika dirishani kwa karani aliikunjua ile karatasi, akaweka kidole kwenye tarehe ya muhuri, akahesabu miezi kwa sauti ya chini. "Mwalimu, hii haifai tena." Sheria inataka hati iliyotolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Yangu ilikuwa na minane. Nikarudi kwenye benchi lile lile, mbele ya wazee wale wale, nikasimulia upya mambo ambayo mara ya kwanza niliyatoa kwa machozi.

Hakuna aliyekuwa ameniambia habari ya miezi sita. Ndiyo sababu nilipostaafu ualimu nikasomea usaidizi wa kisheria, na leo Jumanne na Ijumaa nakaa na watu kibarazani kwangu hapa Morogoro. Wanakuja na hasira, wengine na mtoto mgongoni, wanataka kuanza na kosa la nani. Nawaacha waseme, kwa sababu mtu lazima aseme. Halafu nauliza: una karatasi gani mkononi?

Ninayoandika hapa ni ya Tanzania Bara, kutoka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar wana utaratibu wao na Mahakama ya Kadhi yao, kwa hiyo usiyachukue haya ukaenda kuyatumia Unguja.

Kwanza ujue unaomba nini

Watu huniambia "tumeachana", nami siwezi kuwasaidia mpaka nichimbe wana maana gani. Mmoja, mume wake amehamia Kilosa kwa mwanamke mwingine. Mwingine ameandikiwa talaka kwenye karatasi ya daftari, na mashahidi wawili wametia sahihi. Wa tatu amerudishwa kwao na mahari imerudi. Mbele ya sheria wote watatu bado wana ndoa. Ndoa iliyofungwa huku Bara, iwe kanisani, msikitini, bomani au kimila, wenye ndoa wakiwa hai haivunjwi na familia wala na barua. Inavunjwa na mahakama.

Kwa Waislamu sheria imeweka njia yake ndani ya hiyo hiyo. Mkipita barazani, baraza likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha, kisha talaka ikatolewa kwa namna inayovunja ndoa Kiislamu, mahakama inaitambua na kutoa amri ya talaka. Angalia mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye, mahakama mwisho. Akina mama wengi wanaokuja kwangu na ile karatasi ya daftari wameruka viwili kati ya vitatu, na wanagundua siku wanapotaka mgawo wa nyumba.

Kutengana ni kitu kingine. Mnaishi mbalimbali, lakini ndoa ipo na mke haolewi kwingine. Mnaweza kutengana kwa makubaliano yenu, na hapo nawasihi yaandikwe: nani anakaa wapi, watoto wako kwa nani, matunzo kiasi gani na yanatumwa tarehe ngapi. Au mmoja wenu aombe amri ya mahakama ya kutengana. Sharti la hati ya baraza sheria imelifunga kwenye talaka, si kwenye kutengana. Na mahakama ikitoa amri ya kutengana ina uwezo wa kugawa mali na kuamua juu ya watoto, kama kwenye talaka. Njia hii imewafaa Wakatoliki kadhaa niliowasaidia, watu ambao imani yao haiwaruhusu kuomba talaka lakini nyumbani palikuwa hapakaliki. Inawafaa pia wenye ndoa changa, kwa maana talaka haiombwi kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa mahakama ikupe ruhusa maalumu kwa sababu ya mateso yasiyo ya kawaida.

Na ninyi ambao hamkufunga ndoa, mlianza kuishi tu chumba kimoja Mji Mpya mkajikuta na watoto watatu, msijihesabu kuwa nje ya sheria. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, sheria inawadhania kuwa ni wanandoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa. Lakini hata ikipingwa na kuanguka, mama anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kuangalia mali mliyochuma. Hapa mashahidi ni majirani, mwenye nyumba aliyewapangisha, na mjumbe.

Barazani

Nenda baraza la kata anayoishi mume. Wanawake wengi wakishakimbilia kwao wanafungua shauri kwenye kata ya wazazi wao, kisha mume anasimama mahakamani na kusema baraza lile halikuhusika. Kama mume haishi nchini, hapo ndipo unakwenda baraza la kata anayoishi mke. Kama nyote ni wa jumuiya moja yenye baraza linalotambuliwa na serikali, mnakwenda kwenye hilo. BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wana mabaraza yao, na baadhi ya makanisa pia. Barua ya mchungaji, ya shehe wa mtaa au ya kikao cha ukoo haichukui nafasi ya hati ya baraza, hata iandikwe vizuri namna gani.

Wakili haruhusiwi kukusemea barazani. Anayeweza kusimama nawe ni mtu wa familia yako, na mtu mwingine yeyote mpaka baraza liridhie. Kwa hiyo jiandae kusema mwenyewe. Nawaambia watu waandike kwenye karatasi mambo matano tu, yenye tarehe, wasiende kumwaga miaka kumi na tano kwa mara moja. Wazee wa baraza kazi yao ni kupatanisha, na watajaribu. Usiwaone maadui kwa hilo. Nimeona ndoa zikitulia pale pale kwenye benchi, mtu akiomba msamaha kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Wakishindwa ndipo wanapojaza Fomu Namba 3, hati ya kuthibitisha kwamba wameshindwa kuwapatanisha. Isome yote kabla hujatoka mlangoni. Majina yenu wote wawili yawe yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa. Iwe na sahihi ya mwenyekiti, muhuri na tarehe. Na iseme waziwazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Mimi nimeshika hati iliyoandikwa "mlalamikaji aende mahakamani kwa hatua zaidi" basi, na hiyo haitoshi. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri yaliyokwisha kupita mahakama zote za chini, kwa sababu tu hati ya baraza haikuwepo au haikuwa halali. Fikiria miaka hiyo yote inayeyuka kwa karatasi moja.

Baraza halivunji ndoa, haligawi vyombo, haliamui mtoto alale wapi. Wakianza kukuandikia nani achukue kitanda na nani achukue friji, waombe kwa heshima wakupe hati yako tu.

Kuna hali ambazo sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila kupita barazani. Mwenzako amekutelekeza na hujui aliko. Yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Ameitwa na baraza akakataa makusudi kufika. Amefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano. Ana ugonjwa wa akili usiotibika. Au kuna mazingira ya pekee yanayofanya baraza lisiwezekane, na hakimu akaridhika. Yule aliyeitwa akakataa, mimi bado huomba baraza liandike kwamba aliitwa tarehe fulani na fulani na hakutokea, maana maneno matupu mahakamani hayaendi mbali.

Kama unapigwa, acha haya yote kwanza. Nenda hospitali, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeraha na matibabu, na utoe nakala yake. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kimekuwepo tangu 1971, na bado kuna akina baba wanaoniambia mke hupigwa ili aonyeke. Nawafungulia kitabu wasome wenyewe.

Mbele ya hakimu

Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Watu wengi ninaowasaidia wanaanzia Mahakama ya Mwanzo: iko karibu, kila kitu ni kwa Kiswahili, na hakimu anakuuliza mwenyewe maswali ukiwa umesimama mbele yake. Beba hati ya baraza, cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kitambulisho. Mwenzako atapelekewa samansi.

Hakimu hatafuti nani mbaya zaidi. Anatafuta kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Sheria imetaja mambo yanayoweza kuonyesha hivyo: ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutojali kwa makusudi, kutelekezwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana miaka isiyopungua mitatu, kifungo kirefu, ugonjwa wa akili usiopona, na mengine. Orodha hiyo haijafunga mlango, lakini hata uwe na moja wapo, lazima ulithibitishe.

Hapa ndipo ninapowafanyisha watu mazoezi kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Dada mmoja anayeuza vitumbua stendi alikuwa anasema neno moja tu: "ananinyanyasa". Nikamwambia, mwanangu, hakimu hajui neno hilo linaonekanaje. Tukakaa. Ikatoka kwamba usiku wa kuamkia Idi mume alimwaga unga wote ambao mke aliuloweka, debe zima, akafunga mlango kwa kufuli, mke akalala kwa jirani na mtoto wa miezi saba. Jirani yupo. Kufuli ilivunjwa asubuhi mbele ya mjumbe, na mjumbe yupo. Hicho ndicho alichokisema mahakamani, na hakuongeza neno.

Watoto

Hapa naomba usome polepole.

Wazazi wanapogombana juu ya mtoto huja na madai ya aina mbili. Baba anasema: nililipa mahari, watoto ni wa ukoo wangu. Mama anasema: mtoto ni wa mama, nilimzaa mwenyewe. Mahakama haianzii kwa baba wala kwa mama. Inaanzia kwa mtoto, na swali lake ni moja: ustawi wake uko wapi? Mahari haimpi mtu umiliki wa mtoto. Mila za jamii yenu zinaweza kutazamwa, matakwa ya wazazi yatatazamwa, lakini yote yanakaa chini ya ustawi.

Kuna jambo la miaka saba ambalo kila mtu amelisikia kwa nusu. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, inadhania kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake. Neno la kushika ni "inadhania". Dhana inaweza kubomolewa kwa ushahidi. Na kifungu hicho hicho kinamtaka hakimu afikirie madhara ya kumhamisha mtoto kutoka mahali alipokwisha kuzoea. Wala hakuna popote palipoandikwa kwamba mtoto akifikisha miaka saba baba aje na bodaboda kumchukua. Nimeona likifanyika, siku ya kuzaliwa kwenyewe, mtoto analia barabarani ameshikilia geti. Ukiwa baba unayesoma hapa na ulikuwa umepanga hivyo, tafadhali nenda mahakamani. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye haki ya kumlea, na hakimu atakapokuja kupima nani anajali ustawi wa mtoto, lile tukio la getini litasimuliwa.

Sheria ya Mtoto imeongeza mambo ya kuangaliwa: umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, umri wake, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, faida ya ndugu kukaa pamoja, na mtoto kutokatishwa maisha aliyoyazoea. Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii aende nyumbani kuchunguza na kuandika taarifa. Akina baba na akina mama wanamwogopa huyu afisa, wanapaka rangi ukuta wiki moja kabla. Haangalii rangi. Mara ya kwanza nilipomsindikiza mmoja alikaa kwenye stuli jikoni, akaomba madaftari ya mtoto. Akafungua la hisabati, akaangalia sahihi ya mzazi chini ya kazi za nyumbani, ukurasa baada ya ukurasa. Ilikuwa ya bibi mzaa baba. Akauliza mtoto analala wapi, akaonyeshwa kitanda cha futi tatu na nusu, chandarua kimefungwa fundo juu. Akamuuliza mtoto, mvulana wa miaka minane: ukiamka usiku umeota ndoto mbaya unamwita nani? "Bibi." Baba yake, dereva wa daladala ya Kihonda, ndiye aliyepewa malezi, kwa kuwa mtoto alikuwa ametulia pale kwa bibi miaka mitatu na mama alikuwa ameolewa mbali. Mama alipangiwa likizo zote mbili ndefu na simu kila Jumapili.

Kwa hiyo ukiniuliza ujiandae vipi kwa shauri la mtoto, jibu langu ni kwamba usikusanye ubaya wa mwenzako. Kusanya maisha ya mtoto: kadi ya kliniki, ripoti za shule, jina la mwalimu wa darasa anayekufahamu, risiti za dawa, nani anampeleka na nani anamrudisha. Mzazi anayejua mtoto wake anavaa kiatu namba ngapi hujulikana dakika mbili tu akiulizwa.

Asiyepewa malezi hajapoteza mtoto. Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, mradi masomo yasivurugike. Omba amri iseme siku na saa. "Atamwona wakati wowote" ni maneno mazuri siku ya hukumu, na ugomvi kila mwisho wa wiki. Andikeni: Jumamosi ya kwanza na ya tatu, saa tatu asubuhi hadi Jumapili saa kumi jioni, makabidhiano nyumbani kwa shangazi. Na usimfungie baba mlango kwa sababu hajaleta matunzo, wala usikate matunzo kwa sababu umefungiwa mlango. Mtoto hukosa vyote viwili kwa makosa ya wakubwa. Kila moja lina njia yake ya kurudi nalo mahakamani.

Ukiona mtoto yuko hatarini leo, usisubiri tarehe ya shauri. Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au nenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii.

Matunzo

Wazee wetu waliishi na sheria ya zamani ambayo mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alipangiwa matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Ndiyo, mia moja, na ilikaa hivyo hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Leo hakuna kiwango kimoja. Mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, kama uwezo wao wa kupata riziki umepungua, watoto wengine wanaowategemea, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe.

Usiende kuomba "laki mbili" kwa sababu jirani alipewa laki mbili. Chukua daftari kubwa, andika kwa mwezi mmoja kila kinachomhusu mtoto: unga, mafuta, nauli, sabuni, michango ya shule, dawa. Jumlisha. Kisha onyesha kipato cha mwenzako kwa unachoweza kukithibitisha: anaendesha bajaji ya nani, ana vyumba vingapi vya kupangisha, analima ekari ngapi Mvomero. Matunzo yakianza kuja, yapitie kwenye simu kila yanapowezekana na usifute meseji za muamala. Anayetoa taslimu aombe sahihi kwenye daftari. Nimewasaidia pia akina baba waaminifu walioshindwa kuonyesha walichotoa miaka miwili kwa kuwa walikuwa wakikabidhi mkononi getini.

Nyumba na mali

Mahakama hugawa mali mliyochuma wakati wa ndoa kwa nguvu za pamoja. Inatazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyokopa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii yenu. Hata nyumba aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaingia, kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja.

Mama wa nyumbani, usiambiwe hukuchangia. Mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seifu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali. Lakini fahamu: mchango kukubaliwa haimaanishi nusu kwa nusu. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona mume alikwisha kumpa fedha za mradi na hazikutumika vizuri. Mgawo hufuata ushahidi wa kila shauri.

Mali ikiandikwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhania ni yake peke yake, mpaka mwingine aonyeshe vinginevyo. Yule dada wa vitumbua hakuwa na jina lake popote, si kwenye kiwanja, si kwenye risiti za saruji. Alichokuwa nacho ni daftari la ujenzi lenye madoa ya mafuta ya kupikia: tripu saba za mchanga, tarehe zake, tofali mia nne, fundi kalipwa nusu. Fundi aliletwa, akasema fedha alikuwa akiifuata stendi kwenye meza ya vitumbua. Hakimu alilikubali daftari lile.

Nyumba mnayoishi kama familia haiuzwi, haigawiwi zawadi wala kuwekwa rehani na mmoja wenu bila ridhaa ya mwingine, wakati ndoa ingalipo. Ukisikia dalali anazunguka, kimbia ofisi ya ardhi ukaweke zuio, na uje mapema kabla hela haijahesabiwa.

Hukumu ikishatoka

Omba nakala ya hukumu na ya tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, siku ile ile, hata kama umechoka na unataka kulala. Sheria ya Ndoa inatoa siku 45 za kukata rufaa, na siku hizo hazingoji upate nguvu. Talaka ikishakuwa ya mwisho isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, upate cheti cha talaka, maana siku ukitaka kufunga ndoa nyingine utaulizwa. Kama mwenzako hatekelezi, rudi mahakama ile ile ukaombe kukazia hukumu.

Amri ya malezi na ya matunzo haijachongwa kwenye jiwe. Hali ikibadilika, mahakama inaweza kuibadilisha: mzazi ameugua, amehamishwa kazi, mtoto amekua na ana mawazo yake. Mwezi uliopita walikuja kibarazani baba na mama niliowasaidia zamani, kila mmoja na mwenzi mpya, kwa ajili ya binti yao aliyefaulu kwenda sekondari karibu na kwa baba. Walikuwa wameshakubaliana, walitaka tu kujua pa kuanzia. Nikawaambia wasiishie kwenye makubaliano ya mdomo. Waandike maombi ya kubadilisha amri, waweke namba ya shauri la zamani juu kabisa ya karatasi, maana bila hiyo karani hawezi kulipata jalada, waambatanishe nakala ya amri ya kwanza na barua ya shule, na wote wawili watie sahihi. Mama alikuwa ameitunza ile amri ndani ya bahasha ya kaki, imenyooka.